Abiria wa Kwanza

Iko nchi moja, si mbali sana wala si karibu sana, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana hata wenyeji wake wameonywa wasiitaje ovyo. Ni nchi njema. Watu wake wapole, mvua zake za kutosha, na viongozi wake wana afya nzuri. Wana desturi moja tu ambayo humchukua mgeni muda kuielewa: kwao kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Kikishajengwa hufungwa utepe mwekundu, na utepe huo haukatwi na mtu yeyote isipokuwa Mtukufu Kiongozi mwenyewe, kwa Mkasi wa Taifa, ambao hulala Benki Kuu ukiwa na walinzi wake na bajeti yake.

Kwa hiyo ukipita vijijini utaona bomba la maji limefungwa utepe, na kando yake akina mama wanachota kisimani. Huko kaskazini liko daraja lililokamilika siku nyingi, lina utepe huku na huku. Watu huvua viatu wakapita chini yake, maji yakiwafika kiunoni, na wakifika katikati huinua macho wakalisifu. Hakuna anayelalamika. Kwao, kutumia kitu kabla hakijazinduliwa ni sawa na kudokoa chakula cha mgeni jikoni.

Basi nchi hiyo ilipatwa na tatizo la usafiri. Asubuhi watu wote wa mji mkuu walitaka kwenda kazini, na jioni watu hao hao, bila haya, walitaka kurudi. Serikali ilistaajabu. Wizara ya Mwendo ikawaita wataalamu, wakajifungia hotelini, wakala, wakafikiri. Na hapa lazima tuseme haki: walifikiri vizuri. Mpango waliotoka nao ulikuwa mpango hasa. Mabasi marefu, njia yao wenyewe katikati ya barabara, isiyoingiliwa na gari wala mkokoteni, saa za msongamano mabasi yaongezwe, na mengine yasisimame njiani bali yaende moja kwa moja kule kunakoendewa na wengi, kama sokoni, viwandani na hospitalini. Hata mtoto angeuelewa. Fedha zikapatikana, njia ikajengwa, mabasi yakaja kwa meli, yakapangwa kituoni yakimeta. Yakafungwa utepe.

Na kwa kuwa Mtukufu angekuja kuzindua siku yoyote, yale mabasi makuukuu yenye moshi na kelele yaliondolewa barabarani yasije yakamtia aibu. Bodaboda nazo zikapigwa marufuku. Ndipo mji mzima ukaanza kutembea kwa miguu huku ukisubiri.

*

Miongoni mwa waliotembea alikuwamo Stumai, mfuaji wa mashuka katika hoteli moja kubwa, ile ile walimojifungia wataalamu. Mashuka waliyolalia alikuwa ameyafua yeye, jambo ambalo halikumpa sauti yoyote katika mpango.

Mumewe, Ngwali, alikuwa seremala. Tuseme alikuwa bado seremala, ingawa kifua kilikuwa kimemweka kitandani katika Hospitali ya Kilimani, upande wa pili wa mji, na randa yake imelala nyumbani uvunguni mwa kitanda. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa limewatosha. Jioni Ngwali alipokuwa akirudi na vumbi la mbao nyweleni, Stumai alimkung'uta mlangoni kwa kanga kabla hajaingia, na hapo ndipo mazungumzo ya siku yalipoanzia.

Hospitali ya Kilimani iliruhusu wageni jioni tu. Jua likizama, geti lilifungwa, na bawabu wake alikuwa mtu wa sheria. Stumai alitoka kazini jua likiwa limeinama, akafunga uji wa ulezi ndani ya chupa, akashika njia. Watu walijaa kando ya barabara bega kwa bega, mji wote ukienda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Katikati ya barabara ile njia mpya ya mabasi ilikuwa tupu, nyeupe, imefagiliwa, askari wakiilinda isikanyagwe.

Alipofika, geti lilikuwa limefungwa.

"Mama, saa zimekwisha," bawabu alisema.

"Baba, uji tu. Ni wa mgonjwa wa wodi ya kifua."

"Uji nitaupeleka. Wewe huwezi."

Stumai akapitisha chupa kwenye nondo za geti, akangoja arudishiwe. Ndivyo ilivyokuwa jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine nyingi. Mtu anaweza kumpenda mumewe kupitia nondo za geti, lakini ni kazi ngumu, na Stumai alikuwa akirudi nyumbani na chupa tupu huku moyo umemjaa hata asijue pa kuutua.

*

Jioni moja miguu ilimgomea. Akakaa kwenye ukingo wa kituo kipya, mbele ya yale mabasi yaliyolala na tepe zake, akayatazama. Moja lilikuwa limeandikwa juu ya kioo cha mbele, kwa herufi za taa: KILIMANI MOJA KWA MOJA. Alilisoma, akalia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, yakamtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika chupa.

"Hayo!" mtu alipiga kelele nyuma yake. "Hayo hasa! Usiyafute!"

Alikuwa Bwana Fidelis Kiponda, Mratibu Mkuu wa Mazoezi ya Uzinduzi. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kutoka jasho, na si mtu mbaya. Tunalisema hili mapema kwa sababu baadaye msomaji anaweza kulisahau. Kwa wiki nzima alikuwa akitafuta Abiria wa Kwanza, raia wa hali ya chini ambaye siku ya uzinduzi angepanda basi la mbele, akae dirishani, na alie kwa furaha mbele ya Mtukufu. Alikuwa ameshawajaribu wengi. Kulia walilia, lakini kilio cha kulazimishwa kilionekana.

"Mama, machozi kama haya hayapatikani hata kwa fedha za wafadhili," alisema akichuchumaa mbele yake. "Unaitwa nani?"

"Stumai."

"Bi. Stumai, Taifa linakuhitaji. Utapanda basi hili hapa, la Kilimani. Wewe wa kwanza kabisa."

Stumai aliinua uso. "Litakwenda Kilimani kweli?"

"Moja kwa moja! Bila kusimama!"

"Lini?"

"Wiki hii hii."

"Na jua litakuwa halijazama?"

Bwana Kiponda alicheka. "Mama, hili likiondoka hapa, jua halitapata hata nafasi ya kufikiria kuzama."

Sharti lilikuwa moja tu: ahudhurie mazoezi kila jioni. Mabasi yalikuwa ya saa za msongamano, kwa hiyo yangezinduliwa saa za msongamano, na kwa hiyo mazoezi yalikuwa saa za msongamano, saa zile zile Stumai alizokuwa akikazana na njia ya hospitali. Asiyehudhuria angefutwa.

Usiku ule alimpigia Ngwali simu. Alitaka mumewe amkataze.

"Abiria wa Kwanza!" Ngwali alisema, akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Stumai akamsikia akiwageukia wenzake wodini: "Jamani, mnasikia? Mke wangu ndiye atakayefungua mabasi!" Kisha akarudi kwenye simu. "Sikiliza, bibi. Unatembea mpaka miguu inavimba, unafika unaangalia nondo. Faida gani? Ngoja basi. Wiki si kitu. Utaingia humu jua bado linawaka, tukae, tuzungumze kama watu."

"Na uji?"

"Wapo wake za wenzangu wanaokaa karibu, watanigawia. Uji wa ulezi hauna mwenyewe." Kisha akauliza: "Viti vya basi hilo vikoje?"

"Bado sijaingia ndani."

"Ukiingia, nitazamie. Kama ni vya mbao, uniambie mbao gani."

*

Mazoezi yakaanza. Kwa kuwa Mtukufu hawezi kusumbuliwa kwa mazoezi, nafasi yake ilishikwa na karani mmoja wa masjala ambaye kitambi chake kililingana na cha Mtukufu. Siku za kwanza karani huyo aliona haya. Baadaye aliacha kuitikia salamu za makarani wenzake, na mwishowe akadai kiti chake kiwekewe zulia. Mkasi haukuruhusiwa kutoka benki, kwa hiyo alikata utepe kwa vidole viwili hewani, na bendi ikapiga.

Halafu Stumai alipanda, na abiria wengine wa mazoezi nyuma yake. Alikaa dirishani. Bwana Kiponda alishusha kitambaa cheupe, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kulia. Stumai alimfikiria Ngwali, na machozi yakaja bila ubishi. Maofisa wakapiga makofi. Dereva, kijana mstaarabu aliyevaa glavu nyeupe, aliwasha injini. Basi likanguruma taratibu, likatetemeka kidogo, na taa za ndani zikawaka zote. Kisha dereva akazima, na abiria wakashuka kwa mpangilio.

"Kwa nini lisisogee kidogo tu?" Stumai aliuliza siku ya tatu.

Bwana Kiponda alimweleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto. "Basi likisogea kabla ya kuzinduliwa, limetumika. Likitumika, si jipya. Na likiwa si jipya, mama yangu, Mtukufu atazindua nini?"

Wiki ile ikapita. Mtukufu alikuwa safarini, naye alikuwa amechukua Mkasi. Iliyofuata, akarudi lakini alikuwa na mgeni. Iliyofuata tena, iligunduliwa kwamba utepe uliotumika ulikuwa mwekundu wa kawaida, si Mwekundu wa Taifa, ikabidi mwingine uagizwe ng'ambo. Kila mara Bwana Kiponda alisema "wiki hii hii," na kila mara aliamini. Wakati huohuo Wizara ilitoa taarifa ya maendeleo ya mpango. Tangu mabasi yafike, hakuna lililochelewa, hakuna lililoharibika, hakuna lililogonga mtu, na hakuna abiria hata mmoja aliyesimama kwa kukosa kiti. Waziri wa Mwendo alitunukiwa nishani kwa ufanisi huo, akatoa hotuba ndefu.

"Tulipoanza," alisema Waziri, "wananchi walikuwa wakisongamana ndani ya mabasi. Leo hii, nathubutu kusema mbele yenu, ndani ya mabasi hakuna msongamano kabisa!"

Wananchi waliokuwa wakipita kwa miguu walisimama wakampigia makofi, kwa sababu njia ilikuwa imezibwa na hotuba.

Stumai alimsimulia Ngwali yote hayo kwa simu. Viti si vya mbao, alimwambia, ni vya sponji, vimevishwa kitambaa cha buluu. Ngwali alisikitika kidogo kwa niaba ya mbao. Lakini sauti yake ilikuwa inapungua. Zamani sentensi zake zilikuja kwa mkupuo. Sasa zilikuja vipande vipande, na katikati ya vipande Stumai alisikia pumzi ikikwaruza. Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Alianza kujiuliza kama uji wa kupitishia nondoni haukuwa bora kuliko kulia dirishani, kwa maana angalau mgonjwa alijua kwamba mkewe yupo upande wa pili wa ukuta. Lakini alikuwa ameshangoja mno. Mtu aliyengoja sana huona haya kuondoka, anaogopa kile anachokingoja kisije kikaja nyuma ya mgongo wake.

*

Siku aliyopiga simu Ngwali mwenyewe, ilikuwa mchana, na yeye hakuwa na kawaida ya kupiga mchana.

"Stumai," alisema. "Leo njoo."

"Nije leo?"

"Njoo tu, mke wangu. Kwa chochote."

Jioni ile Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kukagua mazoezi. Stumai alimkuta Bwana Kiponda akijipangusa jasho, akampigia magoti palepale kwenye lami.

"Bwana Kiponda, mume wangu ananiita. Basi hili ni la Kilimani, limejaa mafuta, dereva yupo. Nipelekeni leo tu. Nitarudi nitalia mpaka mchoke."

Bwana Kiponda aligeukia basi. Aliutazama utepe. Aliwatazama askari, na karani aliyekuwa ameshakalia kiti chake chenye zulia.

"Siwezi, mama," alisema. "Mungu anajua ningependa."

Dereva alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa juu ya usukani. "Shikamoo, mama," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Nisamehe. Ufunguo nimepewa. Ruhusa sikupewa."

Stumai akaondoka mbio. Njia za kando zilikuwa zimefurika watu; akasukuma huku, akazuiwa kule, akaomba, akapiga viwiko. Katikati ya barabara ile njia ya mabasi ilikuwa wazi mpaka upeo wa macho. Akaruka ukingo akaingia. Kwa muda mfupi alikimbia kama msichana, hewa ikipita masikioni, hakuna wa kumgonga. Kisha filimbi ikalia.

"Wewe mama! Toka humo! Njia haijazinduliwa!"

"Afande, nina mgonjwa..."

"Wote hawa wana mgonjwa," askari alisema, akionyesha umati kwa rungu. Huenda alikuwa akisema kweli. Akamshika mkono akamrudisha kwenye msongamano.

Alifika Kilimani giza limeingia. Geti lilikuwa limefungwa kama siku zote, na Stumai hakuwa hata na chupa ya uji ya kupitisha. Akasimama mbele ya nondo akihema.

Bawabu alitoka kibandani, akamtambua. Safari hii hakusema kwamba saa zimekwisha. Alichukua ufunguo, akafungua kufuli, akalisukuma geti lote mpaka mwisho.

"Pita, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Stumai hakupita. Alikuwa anajua, kama alivyojua kila aliyewahi kusimama pale, kwamba hospitali ile ilikuwa na sheria moja ya huruma, nayo ni kwamba wafiwa hawana saa.

*

Ngwali alizikwa kesho yake. Wapagazi wa jeneza walitembea kwa miguu, kama kila mtu.

Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa Bwana Kiponda alipofika na ujumbe wa Wizara, shada la maua, na barua ya rambirambi yenye muhuri. Akakaa mkekani. Alitoa pole, na alikuwa anamaanisha. Kisha akaanza kukunja na kukunjua leso yake.

"Mama, Mtukufu anakuja kesho."

Wanawake waliokuwa mkekani wakageuka kumtazama.

"Jina lako limeshapita Ikulu," aliendelea. "Likishapita Ikulu halirudi. Nimewaomba. Nimewaambia mama ana msiba. Wameniambia matanga yanaweza kuanuliwa mapema, uzinduzi hauwezi kuahirishwa."

"Huna aibu!" wifi yake Stumai alisema. "Uzinduzi mmeuahirisha mpaka mtu amekufa!"

Bwana Kiponda aliinama. Lakini kesho yake gari lilikuja na askari wawili, na Stumai akaingia bila kuvutwa. Wifi yake alishangaa. Stumai hakumweleza mtu yeyote, ila moyoni alikuwa na jambo lake: alitaka kujua.

*

Basi Mtukufu akaja. Alitoa hotuba kuhusu mwendo, akasema kwamba taifa lisilokwenda limekaa, na watu wakashangilia ukweli huo. Mkasi ukaletwa kwenye mto wa mahameli. Utepe ukakatika mara moja, kirahisi, kama uzi wowote. Yule karani wa masjala alikuwa amesimama nyuma ya umati, vidole vyake viwili vikikata hewani peke yake.

Stumai akapanda, akakaa dirishani, na watu wenye wagonjwa Kilimani wakapanda nyuma yake. Kitambaa cheupe kikashuka.

Hakulia.

Bwana Kiponda akakishusha tena. Wapiga picha wakasogea. Stumai aliwatazama wote kwa macho makavu. Alikuwa amelia jioni zote zile kwa ajili ya mtu aliye hai, na sasa aliangalia ndani akakuta hakuna kitu. Mtukufu akakunja uso. Waziri akamnong'oneza, nasi tunasikia alisema kwamba mama huyu amepigwa na butwaa la furaha, hali inayojulikana kitaalamu. Mtukufu akaridhika, akapunga mkono.

Basi likaondoka.

Likaingia kwenye njia yake nyeupe, na mji ukaanza kupita dirishani. Likapita soko. Likapita pale askari alipompulizia filimbi. Stumai alipatambua na mara pakawa nyuma. Watu waliokuwa kando ya barabara walikuwa wakitembea na vyakula vyao na watoto wao migongoni, wakabaki wakipunga. Halikusimama popote, halikutikisika. Wataalamu walikuwa wamefikiri vizuri. Kwenye viti vya nyuma abiria walikuwa bado wanatafuta pa kuweka mizigo yao basi lilipopunguza mwendo, mlango ukafunguka, na sauti tamu ya kike ikasema kutoka darini: "Hospitali ya Kilimani. Karibuni."

Stumai alishtuka. "Tumefika?"

"Tumefika, mama," dereva alisema.

"Hapa ndipo Kilimani?"

"Ndipo."

"Mbona hata sijakaa vizuri?"

Bwana Kiponda, aliyedandia dakika ya mwisho akakaa kiti cha nyuma yake, aliinua mikono apige makofi kama ratiba ilivyosema, akaiona, akaiweka magotini. Nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa na geti lilikuwa wazi. Abiria walishuka wakikimbia na vyungu na chupa zao, wakiitana, wakicheka kwa mshangao wa kuwahi, na bawabu akawapisha.

Ndipo machozi yalipomjia Stumai, na safari hii alilia kwa sauti. Mpiga picha wa Wizara aliyekuwa amewekwa mlangoni mwa basi aliinua kamera yake haraka. Kesho yake picha ile ilitoka ukurasa wa mbele kwenye magazeti yote, na chini yake paliandikwa FURAHA. Ni picha nzuri. Iko mpaka leo ubavuni mwa kila basi.

Bwana Kiponda naye akashuka, wakabaki Stumai na dereva tu. Dereva alingoja kidogo, akageuka kitini.

"Mama, hushuki?"

"Nishuke nimwendee nani, mwanangu?"

Kijana alivua glavu zake, hakujua aziweke wapi. Lakini mjini watu walikuwa wanangoja, saa ilikuwa ya msongamano, na mpango ulikuwa mpango. Akafunga mlango taratibu, akaligeuza basi, na Stumai akarudi nalo.